Kabla Hujapanda Kitanda cha Daktari wa Mgongo

Kitale, Jumapili ya pili ya mwezi wa nne. Asubuhi jua la kuanika mahindi, mchana mvua ya mawe iliyopiga mabati mpaka tukaacha kuongea, na saa hii ninapoandika ni manyunyu tu na matope mlangoni.

Vijana wangu,

Kabla sijastaafu nilikuwa mama wa mapokezi kwa daktari wa mgongo. Nilipoajiriwa niliambiwa kazi ni kuandika majina na kufua shuka. Baadaye nikawa pia mfasiri, mlinzi wa viatu, na mtu wa kushikwa mkono na wanaume wakubwa waliokuwa wanaogopa. Shule niliacha darasa la saba, kwa hivyo mkikuta kosa humu, pengine ni langu na pengine ni la mwalimu wangu. Tugawane.

Nawaandikia kwa sababu siku hizi kila kijana wa bodaboda na kila msichana wa ofisini anatembea ameshika kiuno kama mjamzito. Na simu zenu zimejaa video za watu wanaopindwa shingo inalia kaa!, halafu wanacheka. Mnakuja kwa daktari mkitaka hiyo kaa. Kairopraktika, kazi hii ya kunyoosha mgongo kwa mikono, mmeijulia kwa simu, kama vile mtu anavyojua ndoa kwa kuangalia picha za arusi.

Nitajaribu kuwa wa haki. Nikimcheka mgonjwa nitamcheka na daktari. Lakini sikuahidi kutocheka.

Tuanze na jina. Kairopraktika liliwashinda watu. Mtu alikuwa anapanda ngazi akihema, anauliza, "Mama, hapa ndio kwa yule anavunja watu?" Namjibu, "Ndiyo, karibu, keti." Na alikuwa anakaa! Kwa hiari yake! Hapo ndipo nilijua maumivu ya mgongo ni kitu gani.

Nimesema ngazi. Kliniki yetu ya Kitale ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea. Fikirini hiyo akili. Mtu hawezi kuinama kufunga kiatu, nanyi mnamwambia apande ngazi za saruji zisizo na pa kushika. Nilimwuliza Daktari Rono, ndiye mwajiri wangu, mbona hakutafuta chumba cha chini. Akasema, "Mama Nafula, nikimwangalia mtu akipanda, nimeshajua nusu ya ugonjwa wake kabla hajafungua mdomo." Sijui kama hiyo ilikuwa hekima au vyumba vya chini vilikuwa ghali. Nadhani ni zote mbili.

Ndani kulikuwa na ile mifupa ya plastiki iliyosimama kwenye kona, ya kuwaonyesha watu pingili za mgongo. Mama mmoja wa kwaya aliikazia macho tangu aingie. Mwishowe akanong'ona, "Huyu alikuwa wa ukoo gani?"

"Ni wa plastiki, mama. Ametoka China."

"Woi. Na akafia mbali hivi?"

Akasimama, akamwombea kwa ufupi, akarudi kuketi. Sikumcheka mbele yake. Na kwa haki, tangu siku hiyo na mimi nilikuwa naifunika ile mifupa leso jioni tukifunga. Sikutaka ilale hivyo.

Sasa mavazi. Kitale ni baridi, naelewa. Lakini mama mmoja kutoka Kachibora alikuja na sweta juu ya sweta juu ya blauzi juu ya fulana ya mumewe, tukamvua kama tunamenya kitunguu. Tulipofika mgongoni, wa zamu iliyofuata alikuwa ameshaanza kugonga mlango. Vaa nguo legevu, moja au mbili. Msichana, suruali ile ya kubana ambayo wewe mwenyewe unaivaa ukiwa umelala chali, iache nyumbani. Na usije na njaa ya kutwa, wala usije umetoka kula ugali wa shibe kamili, maana utalazwa kifudifudi, na kitanda kile kina tundu la uso ambalo mimi ndiye nilikuwa nalisafisha.

Mwanaume, toa pochi mfuko wa nyuma. Tulimpata karani mmoja ambaye kwa miaka alikuwa anakalia pochi nene kama tofali, upande mmoja wa makalio juu, mwingine chini, kama lori lililopakiwa vibaya. Daktari akamwangalia akiketi, akamwangalia akisimama, akamwambia, "Hamisha pochi, urudi baada ya wiki mbili."

"Ati nini?"

"Hamisha pochi."

"Daktari, nimeomba ruhusa kazini. Si unishike hata kidogo?"

Akaondoka amekasirika, akawaambia watu wote ngazini kwamba hajatibiwa. Wiki mbili zikapita hakurudi. Sijui kama ni kwa sababu alipona au ni kwa sababu alitununia. Ningependa kusema alipona.

Na ile sauti. Sikieni vizuri hapa. Hiyo kaa si mfupa unarudi mahali pake. Daktari alieleza mara nyingi mpaka nami nikaweza kueleza: ndani ya kiungo kuna majimaji, na kiungo kikivutwa ghafla hewa iliyomo inalia, kama ukivuta vidole. Kinaweza kulia usipone, na kinaweza kunyamaza ukapona. Lakini jaribu kumwambia hivyo mwalimu aliyetoka Suam na mvua.

"Daktari, huku kushoto hakujalia."

"Hakuhitaji kulia."

"Lakini kulia kumelia. Kushoto kutaona wivu bana."

"Nimekupa mazoezi. Ufanye asubuhi na jioni."

"Mazoezi nitafanya. Sasa si ukuvute kulie basi, nimetoka mbali."

Hakuvuta, na hapo namheshimu. Wako wenzake ambao wangevuta kushoto, kulia, na shingo juu, mtu aende nyumbani ameridhika. Shingo ni yako. Kama una kizunguzungu, kama mifupa imekuwa myepesi kwa uzee au kwa dawa, kama unameza dawa ya kufanya damu iwe nyepesi, kama una mimba hata ile ambayo hujamwambia mtu, sema kabla hujaguswa. Na kama hutaki shingo ipindwe, sema sitaki. Daktari mzuri atatafuta njia nyingine. Mbaya atanuna. Mwache anune na shingo yake, wewe nenda na yako.

Daktari naye nimseme. Alipoanza, aliyemwuzia kitanda alimpa na bango la ukutani, lenye picha ya uti wa mgongo na mishale. Mshale huu pumu, mshale huu kisukari, mshale huu tumbo. Kila ugonjwa duniani ulikuwa na pingili yake. Bango lilipendeza, nami nililipangusa vumbi kila Jumatatu. Siku moja mama mwenye kisukari akalisoma lote, akauliza kwa furaha, "Kwa hivyo Daktari, zile dawa zangu sasa niache?" Nilimwona Daktari Rono akibadilika uso. Akamwambia asiache hata kidonge. Mama alipotoka tu, akapanda kiti, akalibandua bango kwa mkono wake mwenyewe, akalikunja. Likaenda kuwashia jiko. Kwa hivyo mkifika mahali mkute bango la namna hiyo, na mwenye nyumba analitazama kwa kujivunia, mwageni mwende zenu.

Najua wengi wenu hamji kwetu kwanza. Mnapakwa dawa ya ng'ombe kwanza, mnanuka kama josho. Mnalala kifudifudi mnakanyagwa na watoto mgongoni. Wako wanaosema ni lazima akukanyage mama wa mapacha, na wako mama wa mapacha ambao siku hizi wanakataa kwa sababu wao wenyewe wana mgongo. Sitawadharau wanaounga mifupa nyumbani. Mkono wangu huu wa kushoto niliuvunja nikiwa mdogo, mzee mmoja akaufunga kwa vijiti, na ndio ninaoshikia karatasi nikiandika. Lakini mkono si mgongo. Yule mzee mwenyewe alikuwa anasema mgongo hauguswi, na watu walimdhani mvivu.

Siku ya kwanza kwa daktari wa mgongo ni maswali. Watu hawapendi. Wanaona wamedanganywa. "Nimekuja kunyooshwa, ananiuliza nimelala aje!" Basi wanajibu ovyo. Mtu anabeba mitungi ya maji kutoka mtoni, ukimwuliza unabeba vitu vizito, anasema hapana, kwa sababu kwake maji si mzigo, ni maji. Mwingine anasema kila mahali panauma, kuanzia nywele, akidhani akitaja machache atatibiwa machache. Na wanaume wa kazi za nguvu ndio waongo kuliko wote. Hao wanajibu kama wanaomba kazi.

Kati ya maswali hayo kuna moja ambalo mtasikia mwone haya. Daktari atauliza kama unahisi pale unapokalia tandiko la baiskeli, na kama mkojo na choo vinatoka na kuzuilika kama kawaida. Anauliza mambo yako ya ndani kwa sababu iko mishipa ya mwisho kabisa ya mgongo inayobeba habari za huko chini na za miguu. Ikibanwa, huko chini panakufa ganzi, mkojo unagoma au unatoka wenyewe, miguu inalegea. Hapo usiende kwa daktari wa kunyoosha wala kwa mama wa mapacha. Nenda hospitali ya upasuaji siku hiyo hiyo. Ukichelewa, miguu inaweza isirudi.

Wafula nusura aipoteze yake kwa swali hilo. Nitawaambia ilivyokuwa, maana nilikuwepo.

Kila Jumatano tulishuka Bungoma. Huko tulikuwa na chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Upande huu benchi la wanaongoja, upande ule kitanda cha Daktari, katikati pazia la maua. Pazia linazuia macho. Masikio halijawahi kuyazuia.

Jumatano hiyo mvua ilikuwa inamwagika kama mtu ametoboa pipa, na bati la chumba kile halikuwa na dari. Kwenye benchi alikuwa ameketi mama mmoja tu, tumwite Mama Nasimiyu, aliyekuja na bega lake. Mlango ukafunguka, wakaingia wanaume watatu. Wawili wamemshika wa katikati. Huyo wa katikati ni Wafula, kijana wa kupakia magunia ya mahindi kwenye malori, mwili kama mlango wa ghala. Sokoni walimwita Kreni. Miguu yake ilikuwa inakanyaga kama imeazimwa.

Akainua macho, akaona nani yuko kwenye benchi, akageuka. Mtu aliyekuwa haendi aligeuka kama askari. Nasimiyu ni mkewe Wafula. Yule kwenye benchi alikuwa mama mkwe wake.

Kwa wale waliozaliwa mjini: kwetu Wabukusu mwanaume na mama mkwe hawakai chumba kimoja. Hawashikani mkono, hawaangaliani usoni, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani mmoja anaingia kwenye mahindi. Si uadui. Ni heshima, na ni heshima nzito kuliko gunia.

"Unaenda wapi?" nikamwuliza Wafula.

"Nitarudi Jumatano ingine, mama."

"Na miguu gani?"

Wale wawili waliomleta walikuwa wameshamwegemeza ukutani na kukimbilia pikipiki yao isilowe. Nje hapatokeki. Mama Nasimiyu, mwanamke mwenye akili, alikuwa ameshageuka akaangalia ukuta, leso kichwani mpaka kidevuni. Akauambia ukuta, "Mimi siko hapa."

Wafula naye akavuta jaketi likafunika kichwa chote, nikamshika mkono nikampitisha. Mwanaume mkubwa bila kichwa akipita nyuma ya mwanamke bila uso. Nilikuwa nauma ulimi nisicheke. Nilidhani hicho ndicho kichekesho cha siku hiyo, na kwamba kimeisha.

Daktari akamkalisha kitandani, mimi nikarudi upande wa benchi. Maswali yakaanza. Wafula akajibu kwa kunong'ona.

"Sema kwa sauti," Daktari akasema. "Mvua inapiga, sikusikii."

Mnaona shida ilipoanzia. Daktari Rono si wa kwetu. Kwake yule mama kwenye benchi alikuwa mgonjwa wa bega.

"Miguu ina ganzi?"

"Hapana!" Sasa alijibu kama kiongozi wa kwaya.

"Pale unapokalia tandiko la baiskeli, nguo ikikugusa unahisi?"

"Nahisi sana!"

"Mkojo? Unatoka vizuri? Unaweza kuuzuia?"

Wafula akakohoa kwanza.

"Daktari, hiyo kitu iko sawa. Kila kitu iko sawa kabisa. Wewe piga tu mgongo ilie, mimi nirudi kazi."

Daktari hakuwa mjinga. Nilimsikia akimgonga goti, akamwambia ainue kidole gumba cha mguu.

"Huu mguu hauna nguvu, Wafula."

"Ni baridi, Daktari."

"Na huu mwingine?"

"Huo umeambukizwa na mwenzake."

"Nakuuliza tena. Choo kidogo—"

"Nimesema iko sawa! Walahi, Daktari, mimi ni mzima!"

"Mzima amekuja kufanya nini hapa?"

Nikasikia kitanda kikishushwa. Nilimwuliza Daktari baadaye kama angempinda. Akasema hangethubutu, ule mguu ulikuwa umeshamtia hofu, alikuwa anataka tu kumlaza vizuri ampime tena. Namwamini. Lakini pia kitanda kile kilikuwa kinashushwa wakati wa kazi tu. Naandika yote mawili, mchague wenyewe.

Hapo ukuta ukasemeshwa.

"Wewe mama wa kliniki."

"Naam, mama," nikamjibu Mama Nasimiyu.

"Mimi siongei na mtu. Naongea na wewe."

"Nakusikia."

"Binti yangu ana mume. Jina lake silijui." Alikuwa anapaza sauti kushinda mvua, na macho yake hayajatoka ukutani. "Godoro la nyumba yao linaanikwa nje kila asubuhi tangu wiki jana. Na katika hiyo nyumba hakuna mtoto mchanga. Wa mwisho yuko darasa la pili. Sasa wewe mwambie daktari wako atafute mwenyewe ni nani anakojoa."

Nyuma ya pazia kitanda kikalia.

Halafu sauti ya Kreni, ndogo, kama ya mtoto wa darasa la pili. "Daktari. Zima taa."

"Wafula."

"Zima taa nitoke. Woi mama yangu, si bora nife."

Na Mama Nasimiyu, kwa ukuta: "Mama wa kliniki, mwambie huyo mtu akifa kwa adabu nitakuja kumlilia kwa adabu. Nitalia vizuri, watu wote wasikie. Halafu binti yangu atabaki na hilo godoro."

Sikuhitaji kumwambia. Alikuwa anamsikia kama tulivyosikia sote.

Kijana akalia. Akalia, akasema. Kwamba aliteleza akishuka kutoka kwa lori na gunia mabegani. Kwamba kesho yake akikaa alikuwa hajui kama amekaa kwenye kiti au kwenye mto. Kwamba mkojo ulikuwa unatoka bila kumwomba ruhusa, na alimfunga mkewe mdomo kwa kiapo, na mkewe hakuvunja kiapo. Hakusema neno. Alianika godoro upande wa nyumba unaoonekana na mama yake, basi.

Daktari Rono akakipandisha kitanda. "Mimi sikugusi tena," akasema. "Hii si kazi ya mikono yangu. Ni ya kisu, na ni leo."

Akapiga simu hospitali, akarudisha viti vya gari lake nyuma, tukamlaza Wafula humo. Hapo mama mkwe akaleta shida ya mwisho: hangeweza kupanda gari moja naye. Nikadhani nimechoka na hii heshima. Lakini yeye alikuwa hataki hata kupanda. Alikuwa ameshafunga leso kiunoni na kusimamisha bodaboda, akaenda na mvua hiyo na bega lake bovu kumchukua Nasimiyu, ili mgonjwa asifike hospitali bila mtu wake wa karibu. Bega lake halikutibiwa siku hiyo. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi.

Hospitali hiyo ilimpeleka mbele, penye mashine ya picha na daktari wa kupasua uti. Wakampasua bila kungoja siku kupita. Tulikaa wiki nyingi bila kujua. Nilikuwa nafua shuka Kitale najiuliza kama tutaletewa habari ya mtu wa kiti cha magurudumu.

Anatembea. Mguu mmoja unaburura kidogo akichoka, mkojo umerudi kumtii isipokuwa akicheka sana, na kwa hivyo tulipomwona tena tulijizuia kumchekesha. Gunia habebi. Siku hizi anashona midomo ya magunia pale pale sokoni, na wapakiaji wanamwita Fundi. Daktari wa upasuaji alimwambia angefika siku ile ya kwanza ya godoro, pengine huo mguu usingeburura. Alisema pengine, nami naandika pengine.

Alimtumia mama mkwe wake blanketi na jogoo, kupitia kwa mkewe. Mama alipokea. Mwezi uliofuata wakakutana njiani, na yule mama akaingia kwenye mahindi kama kawaida. Wafula naye akangoja kwa heshima mpaka majani yaache kutikisika.

Jumatano iliyofuata tulipofika Bungoma, Daktari alishusha mbao kutoka kwenye gari. Pazia likaondoka, ukuta ukasimama, na upande wa benchi tukaweka redio inayoongea mfululizo. Kisha akaweka sheria: wakati wa maswali hakai mtu ndani isipokuwa mgonjwa. Hata mke, hata mama, hata mchungaji. Watu walinung'unika. Mwanaume mmoja aliniuliza, "Sasa huyo mke wangu ana siri gani na mgongo?" Nikamjibu akae asikilize redio. Alipotoka, mkewe aliniambia sikioni kwamba Daktari ndiye mtu wa kwanza aliyemwuliza nani alimsukuma.

Ninyi mkienda, fanyeni hivyo hata kama kliniki haina sheria. Mliokuja nao watoke kwanza. Halafu sema kweli yote, hata ya aibu, hasa ya aibu. Ukitaka mtu arudi ndani baadaye, ataitwa.

Mengine ni madogo. Kesho yake mwili utauma kama umepalilia shamba la watu, hiyo ni kawaida, itapoa. Ukizidi kufa ganzi au kulegea, hiyo si kawaida, rudi au nenda hospitali. Uliza amesomea wapi, na cheti kiko wapi. Mwenye cheti hapendi swali lingine kuliko hilo. Akikuambia uje kila wiki mpaka ufe, mwulize kwa nini. Na mazoezi anayokupa uyafanye. Nimeona watu wakipanda ngazi zetu mwaka mzima kukwepa mazoezi ya dakika chache sakafuni kwao.

Nilikuwa nafikiri hapa ndipo naweka kalamu. Lakini jioni hii mzee wangu ametoka chumbani akakataa kiti. Nimemwambia keti, amesema amekaa sana kanisani. Wajukuu walikuwa wamejaa mezani wanamtazama babu yao, naye akakunjua mgongo mbele yao kama bwana harusi.

Nikawatuma watoto jikoni wakaangalie ugali, nikafunga mlango, nikamwuliza lile swali, lote, kwa maneno yake.

"Mwanamke," akasema, "mimi ni mzee wa kanisa."

"Jibu."

Akaangalia mlango. Ulikuwa umefungwa.

"Mkojo uko sawa. Kukaa nahisi, ndiyo maana sikai. Jana nililima na wale vijana wa jirani, sikutaka waniache nyuma. Ni hapa tu kiunoni. Inauma, mama. Inauma sana."

Nikamwamini, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwonyesha ushujaa. Nikawaita watoto warudi.

Tumekula ugali, mrenda na omena. Yeye amekula amesimama, sahani juu ya kabati, na ameongezwa mara moja.